Likizo Ndefu Isiwe Mzigo wa Mama Peke Yake

Somo la familia kwa wakazi wa Masii na Kaunti nzima

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi. Ndivyo zilivyo kazi za mama wakati wa likizo ndefu. Watoto hufunga shule mwishoni mwa Oktoba na kurudi mwanzoni mwa Januari, na katika majuma hayo nyumba nyingi za Masii hujaa vicheko, wageni na maembe. Ni msimu wa furaha. Hata hivyo, akina mama wengi huumaliza wakiwa wamechoka kuliko walivyouanza.

Somo hili linaeleza uchovu huo unatoka wapi na jinsi familia inavyoweza kuugawa, ili likizo iwe likizo kwa kila mtu. Linaweza kusomwa nyumbani au katika mkutano wa chama.

Kazi ya mikono na kazi ya kichwa

Kila kazi ya nyumbani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mikono: kuteka maji, kupika, kufua, kupalilia. Hii huonekana. Ya pili ni ya kichwa: kukumbuka, kupanga, kufuatilia na kuwa na wasiwasi kwa niaba ya wengine. Hii haionekani, na mara nyingi hubaki kwa mtu mmoja.

Masii, msimu huu una uzito wake. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, kwa hivyo watoto wanapofika nyumbani, mahindi na maharagwe yanangoja palizi. Krismasi inakaribia, na ndugu wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa watarudi nyumbani. Nyuma ya Krismasi imesimama Januari na karo, sare na vitabu.

Mfano ni mama wa watoto watatu. Alfajiri, kabla hajashuka kitandani, tayari anahesabu. Unga utafika Ijumaa? Mtoto wa mwisho ana tarehe ya chanjo. Dawa ya pumu ya yule wa kati inakaribia kuisha. Viatu vya kifungua mimba vimembana, na Januari haiko mbali. Shangazi atakuja na watu wangapi, na watalala wapi? Nani atabaki na wadogo wakati wa palizi?

Baba anapomuuliza, "Nikusaidie nini?" huuliza kwa nia njema. Lakini swali hilo humrudishia mama kazi ya kufikiri, kuamua na kufuatilia kama jambo limefanyika. Mikono imepata msaada, kichwa hakijapata.

Jambo hili si la nyumba moja. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS) mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia zaidi ya saa nne kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, wakati wanaume hutumia chini ya saa moja. Na hizo ni saa za kazi inayohesabika. Kukumbuka usiku wa manane kwamba dawa inaisha ni vigumu kukupima kwa saa.

Kwa nini lisichukuliwe kuwa dogo

Kwanza, ni suala la usalama wa watoto. Baada ya mvua, silanga hujaa maji na watoto huvutwa huko na joto la mchana. Mtu mmoja anayewapikia wageni kumi na wawili, huku akiangalia kuku na kupokea simu, hawezi pia kujua kila mtoto yuko wapi. Kama macho yote ya nyumba ni ya mtu mmoja, mtoto hana ulinzi wa kutosha.

Pili, ni suala la afya. Kichwa kisichopumzika huleta kukosa usingizi, hasira za haraka na maumivu ya mara kwa mara. Mtoto anayeomba kusimuliwa hadithi jioni hujibiwa kwa ukali, kisha mama hubaki akijilaumu.

Tatu, ni suala la sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Kwa hivyo baba anayelea watoto wake anatekeleza wajibu wake mwenyewe. Hamsaidii mama kazi ya mama.

Funzo la mwethya

Wakazi wa Machakos hawahitaji kwenda mbali kutafuta njia ya kugawa mzigo. Vikundi vya mwethya, vingi vikiwa vya wanawake, vilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko ya eneo hili, yakiwemo ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Mashamba yaliyokuwa yakisombwa na maji yalianza kushika udongo na unyevu.

Mwethya hufaulu kwa sababu siku inajulikana, shamba linajulikana na kila mtu huja akijua kilichomleta. Mwenye shamba hamfuati kila mchimbaji nyuma kumkumbusha jembe. Nyumba nayo yaweza kuendeshwa hivyo.

Hatua za kufuata

*1. Andikeni kila kitu.* Jioni moja mwanzoni mwa likizo, familia ikae pamoja na daftari. Kila jambo ambalo mtu analibeba kichwani liandikwe: chanjo, maji, palizi, wageni, viatu, karo, kuku, misa au ibada, simu kwa nyanya. Baba na watoto wengi hushangaa orodha inavyorefuka. Mshangao huo ni mwanzo mzuri.

*2. Gaweni kazi nzima, si kipande.* Kumtuma mtu sokoni na orodha iliyoandikwa na mama ni kugawa kipande. Kazi nzima ni hii: "Unga na mafuta ya mwezi huu ni yako." Mwenye kazi ndiye atakayejua vinapokaribia kuisha, atatafuta bei, atanunua. Kwa upande wake, mama akubali kwamba huenda haitafanywa kwa namna yake. Akiendelea kukagua kila hatua, mzigo bado ni wake.

*3. Aliye mbali naye ana sehemu yake.* Baba anayefanya kazi Nairobi hawezi kuchunga mtoto asiende silanga, lakini anaweza kushika jambo la sare kutoka mwanzo hadi mwisho: kuuliza vipimo, kununua, kupeleka. Anaweza pia kuwasiliana na shule kuhusu karo bila kupitia kwa mama.

*4. Watoto wafanye kazi kulingana na umri.* Mtoto wa miaka saba anaweza kulisha kuku. Wa miaka kumi na miwili anaweza kuosha vyombo na kupika ugali. Lakini mzigo usihamishwe kutoka kwa mama ukatua kwa binti mkubwa peke yake. Mvulana ale alichopika na avae alichofua.

*5. Punguzeni.* Si kila jambo lililofanywa mwaka jana ni lazima lifanywe mwaka huu. Wageni wakielezwa mapema bajeti ilivyo, wengi watakuja na sukari au mchele. Muthokoi na mboga za kunde ni karamu kamili.

*6. Pangeni furaha kama mnavyopanga kazi.* Iwekeni kwenye daftari, pamoja na siku yake. Si lazima iwe ya gharama. Wamunyu iko kwenye barabara hiyo hiyo ya kuelekea Kitui. Ni kitovu cha uchongaji wa Wakamba, ufundi uliopata umaarufu kupitia Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watoto wakiona kipande cha mti kikigeuka twiga, hawatasahau. Na mama awe na nusu siku yake kila juma: kumtembelea mamake, kuketi na marafiki, au kulala tu. Siku hiyo asipigiwe simu kuulizwa chumvi iko wapi.

Mama anayelea peke yake

Kwa mama asiye na mwenzi, au nyanya anayelea wajukuu, daftari lile lile linafaa, ila wagawanaji ni wengine: dada, jirani, chama. Majirani wawili wanaweza kupeana zamu, mmoja awaangalie watoto wote Jumanne na mwingine Alhamisi. Kila mmoja anapata siku moja ya shamba au ya kupumzika bila wasiwasi.

Uchovu unapozidi

Kuchoka ni kawaida. Lakini huzuni isiyoisha kwa zaidi ya majuma mawili, kukosa usingizi au hamu ya chakula, kutopendezwa na lolote, au fikira za kujidhuru si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika. Mhusika azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake au afike kituo cha afya kilicho karibu. Fikira za kujidhuru zisisubiri. Apelekwe siku hiyo hiyo. Simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo kwa ushauri. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116, pia bila malipo.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yenu, nani anajua tarehe ya chanjo, ukubwa wa viatu na siku unga utakapoisha? Ni mtu mmoja?
2. Ni kazi gani moja ambayo baba anaweza kuichukua nzima likizo hii?
3. Je, wasichana na wavulana wenu wana kazi sawa?
4. Mara ya mwisho mama wa nyumba hii kupumzika nusu siku ilikuwa lini?

Kama hakuna anayekumbuka jibu la swali la nne, daftari lifunguliwe leo jioni, na jibu hilo liwe la kwanza kuandikwa.