Mbwa Asiyeshikika Hachanjwi: Majibu kwa Wanaofuga Mbwa Nyumbani

Nyumba nyingi za mijini hufuga mbwa kwa sababu moja: wezi. Mchana anafungiwa bandani, usiku anaachiwa, analishwa makombo ya ugali na dagaa, na getini panaandikwa "Mbwa Mkali". Kumfundisha huonekana ni kazi ya polisi au anasa ya wenye fedha. Haya ni maswali yanayojitokeza kila suala hilo linapotajwa.

Mbwa wa ulinzi akifundishwa, si atapoa?

Hapana. Kazi ya mlinzi ni kubagua. Mbwa anayewabwekea mwizi, muuza maziwa, shangazi na mtoto anayetoka shule kwa sauti ileile hajakuambia kitu, na baada ya wiki hutajisumbua hata kuchungulia dirishani. Aliyefundishwa hubweka mtu anapofika na hunyamaza akiambiwa "Basi". Kwa hiyo usiku akikatazwa na bado akaendelea, una sababu ya kuwasha taa. Mbwa wa polisi huachia alichokamata kwa neno moja la anayemwongoza, na hakuna mhalifu anayemdharau kwa utiifu huo.

Ukali wa mbwa aliyeshinda bandani mara nyingi ni woga tu. Hajazoea mwavuli, bodaboda wala mtu aliyevaa kanzu, na kila asichokijua ni adui. Mbwa wa namna hiyo huuma ovyo, na anayeumia kwa kawaida ni mtu wa nyumbani au mtoto wa jirani.

Chanjo na mafunzo vinahusiana vipi?

Hapa ndipo penye uzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Kinga kubwa ni kuchanja mbwa wenyewe: chanjo inapowafikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi huanza kukatika.

Sasa nenda siku ya chanjo kwenye uwanja wa shule au ofisi ya kata. Watoto wanaburuta mbwa kwa kamba za katani, mbwa wanagombana, mmoja kachomoa shingo na kutokomea. "Mzee, mshike vizuri kichwa," bwana mifugo anaomba. "Huyu hashikiki, mwanangu. Hata mimi mwenyewe namwogopa." Mbwa huyo atarudi nyumbani bila chanjo, na wapo ambao hawaletwi kabisa kwa kuwa hakuna anayethubutu kuwavalisha kamba.

Mbwa anayekubali kushikwa masikio, mdomo na miguu huchanjwa, hupewa dawa ya minyoo, huogeshwa dawa ya kupe na hutibiwa jeraha kabla halijaoza. Kwa maoni yangu, hata asipojifunza kingine chochote, hilo peke yake linatosha kulipia muda wako. Kutoa mkono na kurudisha mpira ni mapambo.

Nianze akiwa na umri gani?

Mapema. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi ambao hataupata tena: sauti za redio na pikipiki, watoto, wageni, kuku. Mguse kila siku, mwonyeshe watu tofauti, mvalishe mkanda wa shingoni. Usimchukue kwa mama yake kabla ya wiki 8, ingawa wauzaji wa barabarani watakuharakisha. Akiwa na wenzake hujifunza kung'ata bila kuumiza, kwa sababu akizidisha, mwenzake hulia na mchezo huisha.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini mbwa mtu mzima pia hujifunza. Atahitaji subira zaidi, hasa kama ameshapigwa sana.

Bila fimbo ataelewa?

Ataelewa vizuri zaidi. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula, kwa mfano ndizi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Hakufika huko kwa viboko. Mbwa, aliyeishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000, ana faida kubwa kuliko panya.

Jaribu hivi. Shika dagaa au kipande cha ini juu kidogo ya pua yake, kisha ukisogeze nyuma kuelekea kisogoni. Atainua kichwa na matako yatashuka. Hapo hapo sema "Kaa", mpe, msifu. Dakika 5 zinatosha, mara mbili kwa siku, kabla hajashiba. "Njoo" mfundishe vivyo hivyo, na akija, hata kama amechelewa na umekasirika, usimchape. Ukimchapa umemfundisha kwamba kukujia ni hatari. Wala usimwadhibu kwa kunguruma. Huko ni kuonya, na mbwa aliyezuiwa kuonya huuma kimya kimya.

Nimwambie kwa Kiswahili au Kiingereza?

Lugha yoyote, mradi nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "Kaa", mtoto "Sit" na dada wa kazi "Tulia", mbwa atawaangalia tu.

Mbwa koko anafundishika?

Sawasawa na wa kununuliwa kwa mamilioni. Tena wa kwetu wamezoea kuwasoma watu.

Na nyumba za Waislamu?

Kwa wafuasi wa Shafi, walio wengi mwambao, mate ya mbwa ni najisi, lakini wanazuoni huruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na, kwa wengi wao, wa ulinzi. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Mbwa aliyefundishwa mipaka hubaki uani na hagusi nguo wala vyombo, jambo linalowapunguzia usumbufu wenye nyumba.

Akiuma mtu je?

Osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na jeraha ni dogo. Watoto waambiwe wasimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na maeneo mengi hupanga chanjo karibu na siku hiyo. Usisubiri gari la matangazo lipite ndipo utafute kamba. Mvalishe leo jioni, akiwa anakula, na kesho tena.