Magnolia Kwenye Udongo wa Chai

Kama unaishi Igowole, Mufindi, sehemu ngumu ya kulima magnolia umeshafanyiwa. Mti huu unapenda udongo wenye tindikali, ubaridi na mvua za kutosha. Chai nayo inataka hayo hayo, na chai imekuzunguka. Kazi yako ni kutouharibia tu, maana adui wake mkubwa ni mwenye bustani mwenye bidii kupita kiasi.

Anza na Magnolia grandiflora. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hubaki na majani mwaka mzima, mazito na ya kung'aa, na maua yake meupe hufika hadi sentimita 30 kwa upana. Zile za maua ya rangi ya waridi zinazopukutisha majani zinategemea majira ya baridi ya kwao, ziache kwanza.

Kwao grandiflora hupita mita 20. Kama uwanja wako ni mdogo, ulizia aina iitwayo Little Gem, ambayo mara nyingi huishia kwenye mita 6 hivi.

Nunua mche uliobebeshwa au uliotokana na kipandikizi. Mche wa mbegu unaweza kukuweka miaka 10 na zaidi bila ua hata moja. Hapa kijijini huenda usiupate, lakini wenye vitalu vya parachichi wanafahamiana na wauza miche ya mapambo wa mijini. Waagize. Ukitaka kuuleta kutoka nje ya nchi, pata kwanza kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Usiufiche kwenye begi. Magonjwa ya mimea nayo husafiri hivyo hivyo.

Umepata mbegu na una subira? Ziloweke siku moja au mbili, kisha sugua lile ganda jekundu lote litoke. Zifunge kwenye mchanga wenye unyevunyevu, weka kwenye friji kwa miezi 3, ndipo uzisie. Zikikauka tu, zimekufa.

Mahali pa kupanda pafikirie mara mbili, kwa sababu mti huu haupendi kuhamishwa. Chagua mteremko wenye jua, mita 6 kutoka ukuta wa nyumba, mbali na nyaya za umeme. Usiupeleke kinyunguni, kule bondeni. Maji yakituama mizizi huoza, na ubaridi wa Juni na Julai huteremkia mabondeni usiku, ukachoma majani machanga. Kaa mbali na milingoti (mikaratusi) pia. Ikianza kunywa, haimwachii mtu.

Panda mvua zikishashika, Novemba au Desemba. Lile shimo refu la parachichi lililojaa samadi lisahau. Hapa chimba shimo pana, karibu mita moja, lakini kina kiwe sawa na udongo uliomo kwenye kiriba. Shina lisifukiwe hata kidogo. Rudishia udongo ule ule, changanya na mboji iliyoiva.

Sasa sikiliza hili, maana wengi hukosea hapa. Majivu ya jikoni usiyamwage chini ya magnolia. Yanapunguza tindikali ya udongo, na chokaa vilevile. Kama nyumba imejengwa juzi, zoa kifusi chote cha saruji kabla ya kupanda. Ukiona majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mti unashindwa kupata madini ya chuma. Chunguza kwanza nani anamwaga majivu pale.

La pili ni jembe. Mizizi ya magnolia ni minene, laini, na imelala juu juu. Usipalilie kwa jembe chini yake. Ng'oa magugu kwa mkono. Halafu tandaza majani makavu ya mipaina, unene wa kiganja, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Hapa Mufindi hayo hayanunuliwi. Majani ya magnolia yenyewe yakianguka, yaache pale pale. Yanachelewa kuoza, kwa hiyo ni matandazo mazuri.

Kiangazi, upe mti ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili ya mwanzo. Mwagia polepole, maji yazame.

Mbolea kidogo tu. Ile ya chai inafaa: kiganja kimoja mwanzo wa mvua, kingine katikati, ukiinyunyiza mbali na shina. Mwaka wa kwanza usiweke kabisa.

Mbuzi wa jirani wawekee uzio kabla hawajaja, si baada.

Kupogoa hakuhitajiki sana. Vidonda vyake hupona taratibu, kwa hiyo toa matawi yaliyokufa au yanayosuguana, baada ya maua kwisha. Mbawakawa wadogo ndani ya ua waache, ndio wachavushaji. Lakini majani yakipakwa weusi wa masizi, geuza uangalie chini na kwenye vijitawi: ukikuta vidudu vyenye magamba vimeng'ang'ania, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Ukitaka ua la mezani, likate alfajiri, likiwa ndiyo kwanza linafunguka. Shika kikonyo, si petali. Zikiguswa hugeuka kahawia. Halidumu zaidi ya siku chache. Kwa harusi au kanisani chukua majani yake: hukaa siku nyingi yaking'aa bila kunyauka. Ila mti mchanga uonee huruma, usiukate matawi kila Jumamosi.