Zuia Maji Kwenye Tundu la Eriali ya Gari

Huku kwetu Pwani mvua za masika hunyesha Machi mpaka Mei. Vuli huja Oktoba mpaka Desemba. Watu wa Sofu, Kibaha, hukagua mapaa ya nyumba kabla ya mvua. Je, paa la gari tunalikagua?

Leo tujifunze juu ya tundu moja dogo: tundu la eriali ya redio.

Kwa nini maji huingia?

Ili kufunga eriali, bati la paa la gari hutobolewa. Waya hupita hapo kwenda kwenye redio. Chini ya kitako cha eriali huwekwa raba, na nati huikaza. Raba hiyo ndiyo mlinzi wa maji.

Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuletwa hapa. Raba zake zimezeeka. Jua kali huzikausha, zikawa ngumu, zikapasuka. Tena tukiegesha chini ya mwembe au mkorosho, matawi hugonga eriali, nati ikalegea.

Hasara zake

Maji hayadondoki palepale. Hutambaa juu ya waya na juu ya kitambaa cha dari, yakatokea mbali. Utayaona kwenye taa ya ndani au chini ya zulia. Basi mwenye gari hulaumu mlango bure. Huku nyuma bati linaliwa na kutu, nyaya zinaoza, redio inakufa. Abiria analowa, na gunia la unga linaharibika. Raba ni kitu kidogo, lakini kutengeneza paa lililooza ni gharama kubwa.

Namna ya kupima

Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwenzake amwage maji polepole kwa kikombe. Aanze chini: kwenye vioo, kisha milango, mwisho eriali. Akianza juu, maji yatashuka kila mahali, na hamtajua yameingilia wapi.

Namna ya kutengeneza

1. Ondoa waya hasi wa betri.
2. Shusha kitambaa cha dari taratibu. Kama gari lina mifuko ya hewa darini, kazi hii mwachie fundi.
3. Fungua nati, toa eriali. Sugua kutu kwa msasa. Paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke.
4. Weka raba mpya ya kipimo kile kile.
5. Kaza nati kiasi. Ukizidisha, raba hukunjamana na maji hupita.
6. Ukitumia silikoni, chagua isiyo na asidi. Ile inayonuka kama siki hula bati. Iache siku nzima ikauke.
7. Pima tena kwa maji kabla ya kurudisha dari.

Wengine hupaka silikoni juu ya kitako kichafu, eti wameziba. Hapana! Maji hunaswa chini yake, na kutu huendelea kula bila kuonekana.

Ndugu msomaji, usingoje wingu litande. Kagua gari wakati wa kiangazi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunaanza kumwaga maji chini, siyo juu?
2. Kutu itafanya nini tukiifunika bila kuisugua?
3. Nyumbani kwako, waya wa sola au wa televisheni umepita kwenye tundu la bati? Limezibwaje?