Skauti Amwone Kwanza: Ninavyosajili Wachezaji Ninaowajua

Aliyecheza Championship Manager 01/02, gemu la kompyuta la ukocha wa soka, ana majina yake kichwani hadi leo. Maxim Tsigalko wa Dinamo Minsk, Cherno Samba wa Millwall, Tonton Zola Moukoko, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa Derby County. Ukiwapata hao, hata timu ya madaraja ya chini inaanza kuota Ulaya. Kiboko yao ni To Madeira, maana huyo hakuwahi kuwapo; alichomekwa tu kwenye data.

Kwenye Football Manager, gemu la aina hiyohiyo ninalocheza sasa, majina yamebadilika, tamaa ni ileile. Sioni ubaya kumsajili mtu ninayemjua. Ninachokataa ni mimi kumjua kabla klabu yangu haijamjua.

Kwa hiyo nikianza gemu jipya, naacha sifa za wachezaji zifichwe. Mchezaji ambaye hajafuatiliwa ataonyesha makadirio, tuseme 9 hadi 14, badala ya namba kamili kati ya 1 na 20, na nyingine hazionekani kabisa.

Kazi kubwa iko kwenye kumtuma skauti. Chukua Mbwana Samatta enzi za Genk. Mtanzania gani asingemtaka? Ila ukimpa skauti jina, umeshamnong'oneza jibu. Mimi nampa nchi na nafasi: Ubelgiji, mshambuliaji wa kati, umri usiozidi 27. Atazunguka wiki kadhaa, kisha alete orodha yake. Samatta anaweza kuwa wa tano, na juu yake kuna kijana ambaye sijawahi kumsikia, bei nusu. Hapo ndipo uamuzi unakuwa wa kocha kweli. Na kama timu yako iko Uingereza, bado kuna kibali cha kazi, ambacho kwa mchezaji wa Tanzania hakitoki kirahisi.

Mchezaji ninayemjua asipotokea kwenye ripoti, namwacha. Inauma, hasa ukimwona anawafungia mabao wapinzani wako.

Kwenye mazungumzo ya usajili sina mengi: mchezaji akikataa, amekataa. Kufungua tena sevu ya kabla ya ofa hadi akubali ni sawa na kurudia penalti mpaka iingie.

Chipukizi nao wana lao. Wengi hawapewi uwezo wa mwisho kwa namba moja. Wanawekewa kiwango chenye upana, na gemu huchagua namba ndani yake kila unapoanza upya, kikomo kikiwa 200, maana hiki ni kipimo tofauti na zile sifa za 1 hadi 20. Yule aliyekubebea kombe kwenye sevu iliyopita anaweza safari hii kuishia benchi, na umeshamlipa mshahara wa staa. Ndiyo maana ripoti ya skauti ina faida hata kwa mwenye kumbukumbu nzuri.

Tukicheza na washkaji kwenye sevu moja, tunakubaliana kabla ya dirisha kufunguliwa: kila kocha achague kipenzi mmoja tu bila kusubiri skauti, na zamu zipangwe kwa kura. Samatta huwa hafiki zamu ya pili.