Joto na Baridi ya Ardhini: Je, Yafaa Nyumbani?



Somo la safari hii si la miche wala la makonyo. Limeletwa na mwanachama wetu mmoja wa Wete, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekuja ofisini na karatasi ya mfanya biashara mkononi. Bintiye anasomesha skuli huko Magu, upande wa Mwanza, naye na mumewe wanajenga nyumba. Karatasi ile yasema kwamba nyumba yaweza kutiwa mtambo wa kuvuta baridi kutoka ardhini wakati wa jua, na joto wakati wa baridi. Mzee wetu alikuwa tayari kukodisha mikarafuu yake kwa misimu mitatu ili awasaidie kuununua. Tulimwomba asubiri, na kwa kuwa tulikuwa na safari ya Mwanza, tukenda Magu kutazama.

Kwanza tuufahamu mtambo wenyewe, maana jina lake huchanganya watu. Joto la ardhini ni la namna mbili. Moja ni lile la volkano, litokalo chini sana. Huko Olkaria, Kenya, mvuke wake huendesha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981, na Eburru, karibu na Naivasha, walowezi walijenga kikaushio cha pareto kwa mvuke huo mwaka 1939. Mkulima wa karafuu akisikia hayo humeza mate, kwani nani kati yetu hajakutwa na mvua karafuu ziko jamvini? Lakini Unguja na Pemba si visiwa vya volkano, na mvuke wa namna hiyo hatuna. Wala si huo unaouzwa katika karatasi ya mzee wetu.

Namna ya pili ni udongo wa karibu. Jua la mchana haliingii mbali. Ukichimba mita kadha wa kadha utaukuta udongo usiojua mchana wala usiku. Hukaa katika wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali pale. Mtambo unaotumia udongo huo huitwa pampu ya joto, na kazi yake ni ileile ya friji. Friji haifanyi baridi. Hulitoa joto ndani na kulitupa nyuma, ndiyo maana mgongo wake una moto. Pampu hii hulitoa joto la chumbani ikalitia katika maji yanayozunguka ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa. Ikitakiwa kutia joto, hugeuzwa, ikalichota kutoka ardhini. Bomba hulazwa katika mtaro mrefu wenye kina cha mita moja na nusu au mbili, na kama kiwanja ni kidogo huteremshwa katika shimo la mita 50 hata 150. Ikifanya kazi vizuri, kwa kila kipimo kimoja cha umeme huhamisha vipimo vitatu au vinne vya joto. Haya si uwongo. Sweden na Uswisi nyumba nyingi hutumia mtambo huo, na watu wake hawajuti.

Basi twende Magu. Wastani wa joto la mwaka upande ule ni kama digrii 23. Tulichota maji ya kisima kirefu, tukatia themomita katika ndoo papo hapo, ikasoma 24. Kivulini mchana ule ilikuwa 29. Binti wa mzee wetu akafurahi, akasema, "Mjomba, si unaona? Baba kasema kweli, chini kuna baridi." Tukamwambia tungoje alfajiri. Alfajiri tuliiweka themomita ileile uani, ikasoma 18. Akaitazama, akanyamaza. Udongo wa Magu una wastani wa mchana na usiku, bali usiku wenyewe ni baridi kuliko udongo, na hauuzwi.

Kuna jambo lililo zito zaidi, ambalo karatasi haikulitaja. Huko Ulaya joto linalotupwa ardhini wakati wa kiangazi huchotwa tena wakati wa baridi, na udongo ukarejea ulivyokuwa. Magu haina miezi ya baridi ya kulichota. Utatia tu mwaka baada ya mwaka, na udongo unaozunguka bomba utazidi kupata joto hata pampu ifanye kazi kwa shida na umeme uliwe zaidi. Labda ingekuwa nyumba ya wageni au hospitali, yenye kuhitaji maji ya moto kila siku, joto lile lingepata kazi kabla ya kutupwa. Mwalimu na mumewe wanaoga kwa ndoo.

Tena Magu ni nchi ya majabali. Mtaro ulipoanza kujaribiwa nyuma ya nyumba, jembe liligonga mwamba kabla ya kufika kiunoni. Kuchimba kisima kirefu katika mwamba ule ni gharama kubwa, na chataka kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Ama kulaza bomba ziwani, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Sasa joto la nyumba ile latoka wapi? Saa nane mchana tulipanda ngazi tukagusa bati kwa ndani, na kiganja hakikukaa. Siku ya pili tulikwenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ndani ya nyumba ya nyasi za kuezekea zilizo nene, jua la saa ileile halikutufika. Fundi wa Magu akafanya hesabu mbele yetu: dari chini ya bati, matundu yenye nyavu juu ya kuta ili hewa ya usiku ipite, uvungu wa paa uongezwe upande wa magharibi, na miti miwili ya kivuli. Jumla yake haikufika hata kodi ya msimu mmoja wa mikarafuu ya mzee.

Mzee hakukodisha. Alitoa fedha za dari, na mkwewe akanunua miti.

Na hapa visiwani? Wastani wetu ni digrii 26 na zaidi, na udongo wetu ni hivyo hivyo. Faida ni ndogo kuliko ya Magu. Mwanachama atakayeletewa karatasi ya namna hiyo aulize, kabla ya kutia sahihi, udongo wa pale una digrii ngapi, joto litakalotiwa litachotwa mwezi gani, na nani atalipa mwamba ukikutwa. Asipojibiwa, ailete karatasi ofisini, na themomita yetu ipo.