Nyumba za Mawe: Zimbabwe Kuu na Swali la Nani Aliyejenga

Miongoni mwa majengo ya kale yaliyosalia kusini mwa Sahara, ni machache yanayomshangaza mtazamaji kama magofu ya Zimbabwe Kuu, karibu na mji wa Masvingo nchini Zimbabwe. Makala hii inadhamiria kuyatazama magofu hayo kama matini: kitu kilichosomwa na wengi, na ambacho kwa muda mrefu kilisomwa visivyo kwa makusudi. Aidha, itaonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili ana ufunguo wake wa kuyasomea, nao ni lugha yenyewe.

Magofu haya yana sehemu tatu: majengo ya mlimani, ambayo ndiyo ya kale zaidi, masalio yaliyotawanyika bondeni, na ua mkubwa ambao Washona huuita Imba Huru. (Neno huru hapa halihusiani na uhuru, kwa Kishona ni 'kubwa'.) Ukuta wa nje wa ua huo una mzingo wa takriban mita 250, na mahali pengine unafikia kimo cha mita 11 na unene wa mita 5 hivi. Hauna kona hata moja. Unazunguka na kupinda taratibu. Juu yake, upande wa kusini-mashariki, mawe yamepangwa yakawa nakshi ya pembepembe inayofuatana kama msuko wa mkeka. Ndani yake umesimama mnara wenye umbo la pia, kimo chake kama mita 10. Watafuta hazina waliufukua wakidhani una chumba cha dhahabu. Hawakuambulia kitu, kwani mnara ni mawe matupu hadi katikati.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba ukuta wote umejengwa bila chokaa wala udongo wa kugandishia. Milima ya huko ni ya itale, jiwe ambalo likipata joto la mchana na baridi ya usiku hubanduka lenyewe vipande bapa. Wajenzi waliyajua hayo, na yamkini waliharakisha kazi kwa moto. Vipande vilichongwa vikalingana, kisha vikapangwa safu juu ya safu, ukuta ukipungua unene kadiri unavyopanda. Mkenya aliyefika Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, amewahi kuona ufundi unaokaribiana na huu, ingawa waliojenga huko walikuwa watu wengine wa wakati mwingine.

Kazi hii ilifanywa kati ya karne ya 11 na ya 15 na mababu wa Washona wa leo. Leo kauli hiyo haina utata wowote kitaaluma. Hata hivyo, kwa takriban miaka mia moja ilipingwa. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika hapo, akakata kibanzi cha mti wa kizingiti, akakinusa, akaona kinafanana na mti wa penseli yake. Akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, na kwa hiyo jengo ni la Malkia wa Sheba. Ni vigumu kuamini kwamba nadharia iliyotikisa historia ya taifa zima ilisimama juu ya harufu ya penseli, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kosa la Mauch lingesahaulika kama lisingewafaa wengine. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes iliitwaa nchi ya Washona. Iwapo majengo yalikuwa ya Wafoinike, basi mgeni aliyekuja alikuwa akirejea kwenye urithi wa wageni wenzake. Theodore Bent alipelekwa kuchimba mwaka 1891 na kuwapa sifa watu kutoka nje ya Afrika. Kati ya mwaka 1902 na 1904, Richard Hall, aliyekabidhiwa utunzaji wa magofu, aliondoa tabaka za udongo akidai anasafisha uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya kale. Kumbe uchafu huo ndio uliokuwa ushahidi.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza palipobaki na kusema wazi kwamba majengo ni ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson aliyathibitisha hayo mwaka 1929. Serikali ya walowezi haikuridhika. Peter Garlake, mwanaakiolojia aliyekataa kuupindisha ukweli, ilimbidi kuihama Rhodesia mwaka 1970.

Mabishano yote haya yaliendelea ilhali jina la mahali lilikuwa likitoa jibu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba Zimbabwe imetokana na dzimba dza mabwe. Katika Kishona, imba ni nyumba na wingi wake ni dzimba. Bwe ni jiwe na wingi wake ni mabwe. Kiswahili kinasema nyumba za mawe. Mzizi ni mmoja, upatanisho wa kisarufi ni mmoja, na tofauti ya mabwe na mawe ni ya sauti moja tu. Wapo wanaopendelea asili nyingine, dzimba woye, yaani nyumba za kuheshimiwa. Hata hiyo ni Kishona. João de Barros, Mreno, aliliandika jina hilo kwa tahajia ya Symbaoe mwaka 1552, zaidi ya miaka mia tatu kabla ya penseli ya Mauch.

Uhusiano na Waswahili haukomei kwenye lugha. Dhahabu ya nyanda hizo ilishuka hadi Sofala, kisha ikapanda kwa majahazi hadi Kilwa. Sarafu yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, imepatikana Zimbabwe Kuu, sawia na ushanga wa kioo na vyombo vya Uchina. Fauka ya hayo, miji ya Waswahili nayo ilinyang'anywa wenyewe kwa mantiki ile ile. Kwa muda mrefu Gedi na Kilwa zilielezwa kuwa makoloni ya Waarabu, hadi uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulipoonyesha mji uliokua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha wenyeji.

Kuhusu ndege wanane waliochongwa kwa mawe ya sabuni, wengi walichukuliwa. Mmoja Rhodes alimweka katika nyumba yake mjini Cape Town. Baada ya uhuru wa mwaka 1980, nchi ilijiita kwa jina la magofu na kumtia ndege huyo kwenye bendera. Afrika Kusini ilirudisha wanne mwaka 1981. Kipande cha chini cha mwingine, kilichokuwa Ujerumani, kilirejeshwa mwaka 2003 na kuunganishwa na kile cha juu ambacho hakikuwa kimeondoka.