Jiwe la Mtoni na Mng'aro Wake

Kila aliyewahi kuoga mtoni amepata kuona jambo hili. Waokota jiwe dogo majini, jekundu lenye mistari myeupe, zuri ajabu. Walitia mfukoni. Ukifika nyumbani limekwisha kukauka, nalo limepauka kama mawe mengine ya njiani. Je, rangi yake imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Uso wa jiwe kavu umejaa mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na kila mkwaruzo huutawanya mwanga huku na huku. Maji yakiijaza mikwaruzo hiyo, uso huwa laini, mwanga huingia ndani na kurudi na rangi ya jiwe lenyewe. Basi kazi yote ya kung'arisha mawe, ambayo watu wa nchi nyingi huifanya nyumbani kwa kujifurahisha, ni kuiondoa mikwaruzo, hata jiwe liwe kana kwamba limelowa siku zote. Hatuongezi kitu juu yake. Wako wauzaji wapakao vanishi ili wapate mng'aro wa upesi, lakini vanishi hubanduka, na mnunuzi hujua amepunjwa.

La kwanza kulijua ni ugumu wa jiwe. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi, kila moja likilikwaruza lile lililo chini yake. Namba 1 ni talki, ile isagwayo ikawa poda. Namba 10 ni almasi. Yakuti, nyekundu na samawi pia, ni 9. Topazi ni 8. Na kwatsi, lile jiwe jeupe au angavu lionekanalo karibu kila mahali katika nchi zetu, ni 7. Msidhani ya kuwa hatua hizo zinalingana, maana almasi yaipita yakuti kwa mbali sana. Kucha ya kidole ni kama 2 na nusu, na kisu cha kawaida kama 5 na nusu. Jiwe likikwaruzwa na kisu, liweke kando. Likikwaruza kioo cha chupa, huenda ni la jamaa ya kwatsi, yaani akiki, amethisto, yaspi na ndugu zao, na hayo ndiyo mawe ya kuanzia.

Usichanganye magumu na laini. Malakiti ya Katanga ina ugumu usiozidi 4. Itie pamoja na akiki, na baada ya juma moja utakuta akiki zako salama ndani ya matope ya kijani. Tena malakiti imefanyika kwa shaba, na vumbi lake ni sumu. Mwanafunzi aiache.

Chombo chenyewe si kigumu kukifahamu. Ni kipipa chenye mpira kwa ndani, kimelazwa juu ya fimbo mbili zinazozungushwa na mota ndogo, usiku na mchana. Jaza mawe mpaka theluthi mbili ya kipipa au kuzidi kidogo, makubwa na madogo pamoja, maana madogo hufika mahali ambapo makubwa hayafiki. Tia maji yakaribie kuyafunika. Kisha tia unga wa kusugulia, vijiko viwili vya mezani kwa kila nusu kilo ya mawe. Unga huu ni kabaidi ya silikoni, mgumu kuliko yakuti, uliotengenezwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 alipokuwa akijaribu kupata kitu kigumu kwa tanuri ya umeme. Namba iliyoandikwa juu ya mfuko ni hesabu ya matundu ya chekeche katika inchi moja. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, unga ni laini.

Juma la kwanza ni la namba 80 hivi, nalo ndilo liundalo jiwe. Pembe kali huisha, nyufa za juu huondoka, na robo ya uzito au zaidi hugeuka tope. Juma la pili ni la namba 220, la tatu ni la namba 500, na la nne ni la unga laini kabisa wa oksidi ya alumini, ambao huleta mng'aro. Kila unga hufuta mikwaruzo ya unga uliotangulia na kuacha yake, midogo zaidi. Ndiyo sababu hapana njia ya mkato. Ukiona baada ya juma la kwanza kwamba jiwe bado lina mashimo, lirudishe juma la pili, hata la tatu. Unga wa kung'arishia hauwezi kuziba shimo.

Kati ya unga na unga, osha kila kitu: mawe, kipipa, kifuniko na mikono. Chembe moja ya namba 80 ikijificha ndani ya ufa ikaingia katika mng'arisho, yatosha kuharibu kazi ya juma zima. Kwa maoni yangu hapa ndipo aonekanapo fundi, wala si penye mashine. Tope lenyewe usilimwage katika bomba la kuoshea vyombo, kwa kuwa hutuama likawa gumu kama saruji. Lichimbie shimo. Kuhusu mwendo wa kipipa, sikiliza. Mlio mzuri ni kama wa changarawe zinazovutwa na mawimbi. Ukisikia vishindo, kipipa kinakwenda mbio mno au mawe ni machache, na yatavunjana.

Sasa nawaomba msome sehemu hii kwa makini. Ndani ya kipipa jiwe husuguliwa majini, basi vumbi halipo. Lakini yule anayepasua au kunoa kwatsi kavu huvuta vumbi jembamba sana lishukalo mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwili hauwezi kulitoa. Mapafu hufanya makovu, pumzi hupungua mwaka baada ya mwaka, na hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Katika mji wa Khambhat, huko Gujarat nchini India, mafundi wamekata akiki kwa karne nyingi. Shanga zao nyekundu zilivuka bahari kwa majahazi zikavaliwa katika miji ya pwani yetu. Na huko Khambhat silikosisi imewaua wanoaji wengi wa akiki, na watu wa nyumba zao pia wameugua, kwa kuwa kazi ilifanyika uani. Basi msumeno na jiwe la kunolea lazima vilowe maji wakati wote, na kazi ifanyike mahali penye hewa. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Pasipo maji, usikate.

Aliyekwisha kuzoea kipipa hutamani kukata vito vyenye mabapa, na huko ni hesabu tupu. Jiwe hugandishwa kwa nta kwenye ncha ya kijiti cha chuma, nalo hushushwa juu ya kisahani kinachozunguka, chenye unga wa almasi na maji. Gurudumu dogo lenye meno 96 huonyesha mahali pa kila bapa: ukitaka mabapa 8, ruka meno 12 kila mara. Kito cha mviringo cha kawaida kina mabapa 57, 33 juu na 24 chini.

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba mwanga uliomo ndani ya kitu angavu, ukiupiga uso wake kwa pembe iliyozidi kiasi fulani, hautoki bali hurudi ndani. Kwa kwatsi kiasi hicho ni kama digrii 40 na nusu, kwa yakuti kama 34, kwa almasi 24 na nusu hivi. Kwa hiyo mabapa ya chini ya kwatsi hukatwa kwa digrii 43. Ukiyakata kwa 38 mwanga huvuja kwa chini, na katikati ya kito huonekana kama dirisha. Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za namna hii kwa almasi mwaka 1919.

Anza na kwatsi angavu. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, isubiri, maana hupasuka upesi upande mmoja na haipendi joto la ghafula. Na kabla ya kuchimba jiwe lolote, uliza sheria za madini za nchi yako. Kisha, kito kikikwisha, kiweke juu ya gazeti, uso mpana ukiwa juu, ukitazame kutoka juu. Ukiweza kusoma herufi kupitia katikati yake, mabapa ya chini yamelala mno. Kirudishe kwenye kisahani na uyakate upya.